Wilfred Ollerenshaw na Jina Alilobandikwa

Ijumaa ya tarehe 28 Machi 1958, Bwana Wilfred Ollerenshaw anastaafu baada ya kukitumikia kiwanda chetu cha kofia hapa Denton kwa miaka arobaini na mitatu. Hatakuwapo ukumbini kwenye sherehe ya kumuaga kusikia sifa zake, na waliosababisha wanajijua.

Alichonga vichwa vya mti, vile ambavyo fundi huvivalisha manyoya ya sungura yaliyoshindiliwa, yakiwa bado ya moto kwa mvuke, ili kofia ipate umbo. Askofu mmoja alichongewa kichwa kikubwa hata wasichana wa kushona bitana wakakifanya kigoda. Kwa Kiingereza mjinga huitwa "blockhead", na wanaojua husema tusi hilo la mamia ya miaka lilitokana na vichwa hivi hivi: sura ya mtu, ndani mti mtupu. Aliyelibuni nadhani hakuwahi kushika patasi.

Wilfred alibandikwa jina hilo na msimamizi wetu, Bwana Entwistle. Kelele za mashine ya kuchongea zilikuwa zimeshamla masikio, na kila mtu alijua. Alipoitwa mara mbili asigeuke, Entwistle akapaza sauti: "Jamani, huyu na hivyo anavyovichonga, kipi ni kipi? Blockhead we!" Karakana nzima ikacheka, na jina likaganda. Kila nafasi ya usimamizi ilipotokea ilimpita, maana nani atakikabidhi kichwa cha mti watu wa kusimamia?

Wasichokijua wakubwa ni kwamba mkewe, Ada, alikuwa mfumaji wa pamba. Wafumaji, kwa kelele za mitambo yao, husemezana kwa midomo bila sauti, hata mtu akiwa upande wa pili wa ukumbi. Ada alimfundisha mumewe tangu masikio yalipoanza kufa. Kwa hiyo miaka yote hiyo Wilfred ameliona kila neno.

Wiki iliyopita akaona jingine, kupitia kioo cha ofisi. Meneja alikuwa akimwambia Entwistle: "Tumpe kichwa cha mti, tukiandike jina lake. Watu watavunjika mbavu!" Naye Entwistle: "Atashukuru huyo, wala hataelewa."

Wilfred akafungasha patasi zake, akaja kwetu chumba cha bitana. "Hilda, dada yangu, waambie siji," akaniambia. "Nimecheka nao miaka nenda miaka rudi. Hili hapana." Nililia kwa hasira, na hasira hiyo bado ninayo ninapoandika.

Asante, Wilfred, kwa kazi iliyotulisha sote. Njiwa unaowafuga nyumbani wanenepe, Ada awe na afya, na mpumzike vizuri mlivyostahili. Jumapili nitakuja kwenu nikusomee haya, polepole, nimekuelekea uso kwa uso, na jina utakaloliona mdomoni mwangu ni Wilfred.