Kisakinishi Kilichogoma Kwenye Sitini na Mbili

Benchi la kijiwe limeegemea ukuta wa saluni ya kinyozi, na mguu wake mmoja umewekewa kipande cha tofali ili mgeni asijikute chini na kikombe chake. Wenyeji wake wanajulikana. Kinyozi hakai, husimama mlangoni na mashine ya kunyolea mkononi, akimnyoa mtu aliye ndani na kujibu walio nje. Shangazi Birika huuza kahawa na haruhusu kikombe kikae kitupu. Katikati hukaa Mwenyekiti, karani mstaafu, ambaye hakuna anayekumbuka alichaguliwa lini wala na nani. Asubuhi hiyo mwisho kabisa wa benchi alikaa Dada Solda, fundi wa redio wa mtaa, kahawa yake imepoa, moyo uko juu juu. Saa nne Mama Ukumbi, msimamizi wa ukumbi wa mtaa, angefika, na kitu alichokuwa anakuja kuonyeshwa kilikuwa kimekwama mara mbili.

— Hebu nieleze tena, mwanangu, alisema Shangazi Birika. Hicho kidude ndicho kinachokunyima kahawa?

Dada Solda alikiinua. Kilikuwa bamba dogo kama kiberiti, na pembeni yake taa ndogo kama punje ya mtama.

— Hii nayo ni kompyuta, shangazi, ila haina kioo wala vibonye. Ndiyo inayokaa ndani ya mashine ya kufulia, ndani ya pampu ya maji. Ukitaka kuifundisha kazi, unaandika maagizo kwenye kompyuta kubwa, halafu unayatuma kwa waya.

— Basi si utume?

— Kompyuta kubwa inataka zana kwanza. Moja ya kutafsiri maagizo, moja ya kuyasukuma, moja ya kuutambua waya, na maktaba nzima nyuma yake. Jumamosi iliyopita, kwenye darasa langu, nilizipakia kwenye kompyuta za ukumbini moja moja kwa mkono. Mpaka alasiri nimemaliza kompyuta nne tu kati ya kumi na mbili. Wanafunzi wamesinzia, hakuna aliyewasha hata taa moja.

— Nilisikia Mama Ukumbi alifoka, alisema Kinyozi.

— Afadhali angefoka. Alisema taratibu kabisa kwamba vijana wa karate nao wanauomba ukumbi siku za Jumamosi.

Kwa hiyo Dada Solda alikaa siku nne akiunda kisakinishi. Alizifunga zana zote pamoja ndani ya flashi moja, akaandika na maelezo ya kila hatua, ili ukibonyeza mara moja zote ziingie na kila moja ijikalie mahali pake, kama mpangaji anayehamia akiwa tayari anajua kitanda kitakaa wapi na jiko wapi. Kwenye kompyuta yake kilikwenda kama maji. Lakini Mama Ukumbi alitoa sharti: akione kikiingia kwenye kompyuta ambayo Dada Solda hajawahi kuigusa, na asiiguse. Mtaa mzima kompyuta ya namna hiyo ni moja, ya Mwenyekiti, kwa sababu haijawahi kuguswa na yeyote.

— Mheshimiwa, jaribu mara ya tatu, aliomba Dada Solda.

— Usinisogelee, fundi. Kaa hukohuko.

Mwenyekiti aliiweka kompyuta mapajani, kioo kikiwa kimemwelekea yeye peke yake, amekikinga na jua kwa kipande cha boksi. Alibonyeza. Kijiwe kizima kilisubiri.

— Ishirini... Arobaini na moja... Inapanda, inapanda. Sitini. Sitini na moja.

— Usitutie presha, alisema Kinyozi.

— Sitini na mbili, alisema, akibonyeza kitu haraka, kama anayeua mbu. Imegoma.

Dada Solda alishusha pumzi. Aliitazama flashi, akaitazama tena, kana kwamba ingeona haya na kusema yenyewe.

— Mimi naujua ugonjwa huo, alisema Kinyozi. Ni umeme. Hii mashine yangu ina kiu, inameza umeme wote. Hapo kompyuta inapata matone.

— Basi izime!

Aliizima. Wakajaribu tena, kimya, mpaka sitini na mbili. Mwenyekiti akabonyeza upesi.

— Imegoma.

— Kinyozi! ililia sauti ya mteja kutoka ndani. Kichwa changu kimenyolewa nusu!

— Vumilia, kaka, tuko kwenye utafiti.

— Si umeme, alisema Shangazi Birika. Hiyo kompyuta imeshiba. Mheshimiwa ameijaza picha za harusi za watu hata asiowajua. Ukimpa mtu aliyeshiba sahani nyingine, anakula kula, anafika mahali anasukuma sahani.

— Ina nafasi ya kutosha, shangazi, alijibu Dada Solda. Kisakinishi kinapima nafasi kabla ya kuanza.

— Kinapima nafasi. Hamu je, kinapima?

— Nyote mmepotea njia, alisema Mwenyekiti, akiinua kidole kama yuko mkutanoni. Niliyekaa nayo miaka sita ni mimi. Hii kompyuta ina akili. Inaona zana zinaingia. Inajiuliza, zana za nini? Za kumfundisha kazi kijibati kidogo. Ikifika sitini na mbili inaelewa: mwanafunzi akishaiva, mwalimu anatupwa! Wewe Kinyozi, akija mtu na viti na vioo vyake akakuambia umfundishe kunyoa hapohapo mlangoni pako, utakubali?

— Thubutu!

— Ndiyo hiyo sasa. Imejihami.

— Maskini, alisema Shangazi Birika, akiitazama kompyuta kwa huruma. Si ungeibembeleza?

Na Mwenyekiti, mtu mzima mwenye wajukuu, aliinama akainong'oneza kompyuta kwamba nafasi yake haiguswi, hata vije vijibati elfu. Kinyozi alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Dada Solda naye alicheka, hakuweza kujizuia, lakini aliacha alipoona nani anavuka barabara.

Mama Ukumbi alikuwa mwanamke mrefu wa mwendo wa pole, na begi lenye rundo la funguo lililolia kila alipopiga hatua. Alisalimia wote kwa zamu, akakataa kahawa, akabaki amesimama.

— Haya, fundi. Kimeingia?

— Bado kidogo, mama.

— Bado kidogo ni kiasi gani?

— Sitini na mbili kwa mia, alisema Kinyozi. Nusu imepita.

— Wa karate wananisubiri niwajibu mchana huu. Nikione mwenyewe basi.

Mwenyekiti alianza tena, safari hii kwa sauti ya mtangazaji. Ilipofika sitini na mbili, kidole chake kilikuwa tayari kimeshuka.

— Imegoma, kama mlivyoona.

— Mimi sikuona, alisema Mama Ukumbi. Nimeona kitu chekundu kimetokea ukakifukuza. Kilikuwa kimeandika nini?

— Ni lile boksi la makosa, alisema Mwenyekiti. Huwa lina maneno mengi. Chini lina neno "Sawa". Ukibonyeza "Sawa", linaondoka.

— Najua linaondoka. Limeandika nini?

Kinyozi alimtazama Shangazi Birika, Shangazi Birika akatazama birika. Dada Solda alihisi uso unamchoma mpaka masikioni. Yale maneno aliyaandika yeye! Alikaa nayo nusu siku, kwa Kiswahili cha kueleweka, ili mtu wa kawaida akikwama ajue amekwamia wapi. Kwa kuwa kwenye kompyuta yake boksi hilo halikuwahi kutokea hata mara moja, alisahau kwamba lipo. Na tangu asubuhi hakuuliza.

— Anza tena, alisema Mama Ukumbi. Likija, mikono juu.

Lilipokuja, Mwenyekiti aliinua mikono yote miwili kama aliyekamatwa. Mama Ukumbi aliigeuza kompyuta watu wote waone, akasoma kwa sauti:

— "Kisakinishi kimeshindwa kuandika faili. Anwani ya mahali ulipochagua ni ndefu mno. Tafadhali chagua folda ya karibu zaidi. Ulichagua: Nyaraka Nyeti za Mheshimiwa Mwenyekiti wa Kudumu na Mshauri Mkuu wa Kijiwe..."

— Inatosha, alisema Mwenyekiti.

— "...ndani yake, Mambo ya Maendeleo Yanayosubiri Saini ya Mheshimiwa..."

— Nimesema inatosha, mama.

— "...ndani yake, Yasiguswe na Mtu Yeyote Bila Ruhusa ya Maandishi."

Kijiwe kilivunjika mbavu. Hata mteja wa nusu kichwa alitoka na taulo shingoni kuja kucheka vizuri.

— Mshauri Mkuu! Unamshauri nani, mheshimiwa, tofali la benchi?

— Folda ni zangu, nimeziita ninavyotaka!

Dada Solda alikuwa ameshasimama, uchovu wote umemtoka.

— Zana zangu nazo zimo kwenye folda ndani ya folda, shangazi, alieleza. Kompyuta ina kikomo cha urefu wa anwani. Vyeo vya mheshimiwa vimekula nafasi karibu yote. Kisakinishi kinapofika kwenye folda ya ndani kabisa, anwani inapita kikomo. Mheshimiwa, chagua folda fupi tu, itaingia sasa hivi.

— Ngoja, alisema Mama Ukumbi. Jumamosi watu watabonyeza popote, kama yeye. Utakimbia kutoka kompyuta moja hadi nyingine ukiwabembeleza wachague folda fupi?

Dada Solda alitoa kompyuta yake kwenye mkoba, akaichomeka kwenye waya wa Kinyozi.

— Nipe robo saa, mama.

Mama Ukumbi aliitazama saa yake. Akakaa, na safari hii akapokea kahawa.

Dada Solda aliandika huku midomo ikicheza. Kosa lake aliliona wazi: alikuwa amekiacha kisakinishi kianze safari ndipo kije kugundua njia haifiki. Sasa alikiambia kiupime urefu wa anwani mwanzoni kabisa, na ukizidi, kipendekeze chenyewe mahali pafupi. Na kwenye lile boksi jekundu, kitufe cha "Sawa" alikifunga kwa sekunde tano. Kisha akaanza kukiunga upya. Mistari ilipanda kwenye kioo chake, zana moja baada ya nyingine ikikunjwa na kufungwa, na yeye alikuwa akiihesabu kimoyomoyo. Kinyozi alirudi ndani kumalizia ile nusu, lakini kwa mkasi, umeme asiuguse.

— Tayari.

Aliitoa flashi, akaisogeza mpaka katikati ya benchi, akarudisha mikono yake nyuma.

Mama Ukumbi aliichukua yeye. Alimwomba Mwenyekiti ruhusa, na Mwenyekiti, baada ya kuonyeshwa mchana kweupe alivyojipa vyeo, hakuwa na nguvu ya kudai ya maandishi. Mama Ukumbi alichagua kwa makusudi ileile folda ya Yasiguswe. Hapohapo, hata asilimia moja haijahesabiwa, boksi lilitokea.

— "Mahali hapa ni mbali mno. Zana zitakaa vizuri zaidi hapa: Zana." alisoma Mama Ukumbi.

Mwenyekiti alijipenyeza na kidole chake.

— Kitufe hakibonyezeki! Kimekufa!

— Hakijafa, mheshimiwa. Kinakupa muda wa kusoma.

Kilipofunguka, Mama Ukumbi alikubali. Thelathini. Hamsini. Sitini na moja, na Kinyozi akasimamisha mkasi hewani. Sitini na tatu.

— Imevuka! alipiga kelele Shangazi Birika, na kahawa ikamwagikia watu viatu.

Ilipofika mia, Mama Ukumbi alichomeka waya wa kile kibamba, akasoma maelezo mstari kwa mstari bila kumwuliza mtu, akabonyeza. Ile taa ya punje ya mtama iliwaka. Ikazimika. Ikawaka. Wote waliinama juu yake kama wanaota moto.

— Wa karate nitawapa Ijumaa, alisema Mama Ukumbi. Jumamosi zile kompyuta kumi na mbili zitakuwa zimewashwa saa mbili kamili.

Dada Solda alishika mkono wa Shangazi Birika, akaubana.

— Wanafunzi wako ni wangapi? aliuliza Mama Ukumbi, akiwa bado anaitazama ile taa.

— Kumi na mmoja, mama.

— Kumi na mmoja.

— Ndiyo.

Mama Ukumbi alirekebisha mkanda wa begi begani. Kwa mara ya kwanza asubuhi hiyo alionekana hajui pa kuweka macho.

— Mimi huwa nakaa pale mlangoni mpaka mmalize, alisema. Nasikia kila kitu, ila kioo sikioni.

Dada Solda alimtazama, kisha akaelewa, na akajitahidi kuongea kama mtu anayezungumzia jambo la kawaida tu.

— Njoo ukae kwenye kompyuta ya kumi na mbili, mama. Uje na daftari.

— Ninalo, alisema Mama Ukumbi.

Akaingiza mkono chini ya rundo la funguo, akalitoa. Lilikuwa jipya, limeshajaladiwa kwa karatasi ya kaki, kona zimekunjwa vizuri, na ndani halina hata neno moja.