Ufunguo Chini ya Ndoo

Kwenye basi, mama mmoja alitega sikio kwa abiria wawili wa kiti cha mbele yake. Fundi cherehani alikuwa akimsifia binti yake kwa jirani wa kiti, mwanamume asiyemjua hata kidogo.

"Binti yangu hajui kuandika programu, kaka. Anavuta picha kwa kidole kwenye simu, anapanga, gemu hilo limekamilika! Hii ni nyumba yetu, chumba kwa chumba. Shika simu yangu, cheza uone."

Yule mwanamume akacheza. Mlango ulikuwa umefungwa. Akageuza ndoo ya bluu, akapata ufunguo, akaingia. Uso ukambadilika.

"Dada, na kwenu ufunguo unakaa chini ya ndoo?"

"Si gemu tu?"

"Nimekuuliza. Nani wengine wanalicheza?"

"Yeyote, ameliweka mtandaoni. Usinitie presha bwana, mtoto yuko peke yake nyumbani."

"Ndiyo maana nauliza."

Mama wa kiti cha nyuma akawaza: Watoto wanatuanika, na sisi tunawapigia makofi!

Basi likasimama. Fundi akapokonya simu yake, akampigia binti huku akishuka. Haikupokelewa. Kugeuka, yule mwanamume yuko nyuma yake.

"Kumbe nawe unashukia hapa?"

"Hapa hapa, dada."

Kondakta akabamiza mlango, basi likaondoka.