Kumuaga Fundi Aliyekodi Kila Kitu kwa Saa

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wageni waalikwa, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi wa chumba cha simu mliokwisha kukaa karibu na sufuria: hamjambo?

Mimi mhasibu nimepewa nafasi nimuage fundi mkuu wetu wa mitambo, anayetuacha kwenda kuongoza tawi jipya. Jina lake analo, lakini nani hulitumia? Sote twamwita Bwana Tutaona, maana ukimwuliza lolote, jibu ndilo hilo. Nyumba anapanga mwezi kwa mwezi. Bando la simu ananunua la siku, na kila usiku likikatika anashangaa.

Ndugu zangu, tiketi za mabasi tunazouza kwa simu zinapita kwenye kompyuta za kukodi, hizo mnazosikia ziko kwenye wingu. Mwenye nazo ana bei mbili. Ukikodi kwa saa, unaziacha utakapo, lakini bei inauma. Ukiahidi kuzitumia miaka mitatu, anakupunguzia karibu nusu; ila ahadi ni ahadi, utumie usitumie, utalipa. Fundi wetu akang'ang'ania saa. "Abiria wakipungua je, dada?" Miaka mitano, jamani! Ni mtu kalala gesti miaka mitano, na kila asubuhi analipa huku akisema leo ndiyo anaondoka.

Nikamfuata ofisini kwake, penye feni tatu na kiti kimoja.

"Fundi, nitajie kompyuta moja uliyowahi kuizima."

Akakuna kichwa. "Shule zikifungwa huwa naongeza..."

"Sikuulizi hizo za msimu, nauliza za kila siku."

"Basi hakuna, dada."

"Hizo usizozizima, ziwekee ahadi ya miaka mitatu. Za msimu endelea nazo kwa saa."

Aliusoma mkataba mara nne, akatia sahihi, akaomba maji. Mwezi uliofuata gharama zikashuka, hata Mkurugenzi akanipigia simu kuuliza tumesahau kulipa nini. Sifa hizo ni za fundi, kwa sababu aliogopa vile na bado akasaini.

Sasa, Mheshimiwa Mwenyekiti, uniwie radhi, hapa natoka nje ya uhasibu. Huyu bwana ana mchumba, naye ni mdogo wangu, yule nesi aliyekaa karibu na dirisha. Uchumba una miaka saba. Baba amechoka kuuliza. Mama ameacha kuuliza, na hilo ndilo baya zaidi. Keshokutwa fundi anasafiri. Anasafiri na nani? Nimemwona mdogo wangu akijifungia bafuni ili asilie mbele yetu. Inaniuma, na leo sinyamazi.

Shemeji, nakuuliza mbele ya bodi nzima: katika miaka hiyo yote, ni siku gani hukumhitaji?

Nasubiri. Wenye kutafuna nao wasubiri.

Naam? Paza sauti, shemeji, kule nyuma hawasikii. "Hata moja"? Basi ahidi! Unataka miaka mingapi, mitatu?

Ee, unakwenda wapi? Mpisheni, jamani, anaelekea dirishani! Amemshika mkono. Anasema nini? Nyinyi mlio karibu, anasema nini? "Yote niliyobakiwa nayo." Haya, mdogo wangu, acha kulia umjibu mtu.

Amekubali! Vigelegele viko wapi?

Nilikuwa na kurasa nyingine za kumsifu, lakini kwa machozi haya siyaoni maandishi. Mheshimiwa Mwenyekiti, ndugu zangu wote, asanteni kwa kunisikiliza na kunivumilia. Sasa niacheni nikamkumbatie mdogo wangu.