Upande wa Kushoto wa Jeneza la Bwire

Padre, ndugu, majirani, na wenzake wa kiwandani ikiwa mmekuja, haya ni maisha ya Gaitano Bwire, nimeyaandika mimi mkewe Selpher, na yanasomwa na shemeji yangu Wandera kwa sababu nilijaribu kuyasoma peke yangu chumbani nikashindwa kufika hata kwenye shule ya msingi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1969 huko Funyula, Busia, mtoto wa tatu wa marehemu mzee Okumu na mama Phelister, ambaye hawezi kusafiri na anatungoja nyumbani, akasoma shule ya msingi hapo hapo kuanzia 1976 hadi 1982, akamaliza kidato cha nne mwaka 1986, na waliosoma naye wanasema alikuwa mtu wa kuinua mkono kabla swali halijaisha, tabia ambayo hakuiacha.

Alikuja Nairobi Januari 1988, akaishi kwa mjomba Mathare akifanya vibarua, kisha tarehe 5 Machi 1990 akaandikwa katika kiwanda cha mashati, idara ya kukata vitambaa, na mwaka 1995 wafanyakazi wakamchagua awe mwakilishi wao. Tulifunga ndoa tarehe 7 Desemba 1996, tukahamia hapa mtaa wa Tena, chumba namba tisa, na Mungu akatujalia Mitchelle tarehe 3 Mei 1998, ambaye wengi wenu hamjamwona.

Hapa nilishauriwa niruke, niseme tu kwamba alifanya kazi kwa bidii, lakini nikiruka mtaondoka na neno lile lile mlilokuja nalo.

Mwaka 1997 pesa za nchi za Asia zilipoanguka, nchi ambazo mashati yake yalishindana na yetu, wafanyakazi walikuwa wameandika ombi la kutaka ushuru wa nguo za nje upandishwe, na wenye kiwanda walikuwa na barua yao, ya kuunga mkono mkataba wa nchi kufunguliana soko bila ushuru, Bwire akaisoma akaiamini. Akasimama kantini akasema, "Mshindani amelala chini, sasa ndio wakati wa kufungua mlango, sisi tutoke tukauze, yeye atakuja na nini?" watu wakacheka, wakapiga meza, wakaondoa ombi lao, na Ijumaa tarehe 13 Februari 1998 wakatia sahihi ile barua, jina lake likiwa la kwanza. Mzee Idarusi, jirani yetu anayeuza vitambaa, ndiye pekee aliyemwambia, "Mwanangu, muuzaji aliyeanguka hafungi duka, anauza kwa bei ya kutupa, sasa huo mlango mnamfungulia nani?" na mume wangu akamjibu kwamba mzee, hayo ni ya dukani, haya ni ya mataifa, nami nikacheka, nilikuwa na mimba ya miezi sita na nilitaka mume wangu awe ndiye anayejua.

Mkataba haukutiwa sahihi, hata jibu la barua hatukuliona, lakini mashati ya kule yalikuja hivyo hivyo, kwa kuwa pesa zao zilishuka shati lao likawa nusu ya bei ya letu, ile taabu yao aliyoiona nafasi yetu ndiyo iliyotumaliza, na ombi la ushuru ambalo lingetutetea tulikuwa tumeliondoa wenyewe. Tarehe 29 Mei watu arobaini na mmoja wakaachishwa kazi. Yeye akabakizwa, ikasemwa alinunuliwa na wenye kiwanda, akawa anakula peke yake kantini, na mlangoni kwetu hakuna aliyekuja kuona mtoto. Hakununuliwa. Tumeishi chumba kimoja, ningeona. Alikosea, na alikosea kwa sauti kubwa, basi.

Mwezi wa Oktoba alianza kuwatembelea wale arobaini na mmoja kuomba msamaha, kwa miguu baada ya kazi, Tassia, Umoja, Mathare, na mvua ile, wengine wakampa chai, lakini Triza, aliyekata naye kitambaa meza moja miaka minane, alimjibu kwa dirisha, "Bwire, hao watu wako wa Asia wameamka ama bado wamelala chini? Wakiamka uje uniambie, nirudi kazini." Alinisimulia akicheka. Alifika nyumba ishirini na sita. Tarehe 2 Novemba akaanza kukohoa na kuchomwa kifuani, akalazwa tarehe 6, wakasema ni nimonia, akafariki Jumatano tarehe 11 Novemba 1998 saa tano asubuhi, mimi nikiwa kwenye foleni ya kuingia kumwona, mtoto mgongoni.

Nawashukuru madaktari na wauguzi, jumuiya yetu, na Mzee Idarusi, ambaye hakuwahi kutuambia, "Si niliwaambia?" Kwa wenzake wa kazi sijui niandike nini, naandika Alhamisi na sijui Jumamosi nani atakuja. Mnajua desturi yetu wapangaji wa plot hii, jeneza likitoka mlangoni upande wa kulia hushikwa na ndugu, wa kushoto na wenzake wa kazi. Wa kulia Wandera amepata watu watatu. Wa kushoto niliambiwa niombe vijana wa jumuiya, naogopa sana, lakini nimekataa. Mwenye kinyongo asikiache kwa ajili yangu, aje nacho, ashike nacho, ni hatua chache tu hadi kwenye gari. Triza, desturi haisemi lazima awe mwanamume.

Baba Mitchelle, zile nyumba kumi na tano ulizobakisha nimezibishia leo zote kwa karatasi hii. Pumzika kwa amani, hodi umeshabisha.