Mama Asrita Lakra, Aliyemtangazia Afande Sadaka Yake

Mama Asrita Lakra, ambaye leo tumekuja kumsindikiza, alizaliwa tarehe 14 Februari 1948 katika kijiji cha Hesalpiri, nje ya mji wa Ranchi, akiwa mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Hilarius Minj na marehemu Mama Birsi. Mkunga aliyempokea alidai kuwa kitoto hicho kililia mpaka ng'ombe wa jirani wakakata kamba. Familia haina ushahidi wa jambo hilo, lakini yeyote aliyewahi kukaa karibu naye kanisani hatabisha.

Alianza masomo mwaka 1955 katika shule ya misheni iliyokuwa hapa kijijini, akasoma hadi darasa la saba. Mwaka 1962 baba yake aliugua mapafu, naye akarudi nyumbani kushika jembe. Aliacha shule kwa shingo upande, lakini sauti yake ilikuwa imekwisha kujulikana, na mchungaji wa wakati ule akampa kazi ya kutangaza sadaka. Kila mama wa usharika wetu, kabla ya kuosha mchele wa kupika, huchota kiganja kimoja akakitenga kwa ajili ya Bwana. Jumapili hukileta, na mtangazaji husimama akataja jina la mtoaji na alichotoa, hata kiwe kidogo namna gani, nasi sote huitikia, "Yesu msaada!" Mwalimu Patras Toppo alimwonya siku ya kwanza, "Asrita, punguza sauti. Mungu si kiziwi." Akamjibu, "Mungu si kiziwi, Mwalimu, ila wa nyuma wanasinzia."

Tarehe 22 Aprili 1967 alifunga ndoa na Bwana Nirdosh Lakra, fundi mwashi, mtu wa maneno machache, na ilikuwa heri, maana wote wawili wangekuwa wasemaji nyumba isingetosha. Walijaliwa watoto wanne. Binti yao Elisaba alifariki akiwa mchanga, na Mama Asrita hakuacha kumhesabu kila alipoulizwa ana watoto wangapi. Bwana Nirdosh alitangulia mbele ya haki mwaka 1999.

Kazi yake ilikuwa kushona sahani za majani, zile za kulia karamu, kwa vijiti vya mwanzi. Kila asubuhi alipanda treni ya abiria na akina mama wenzake, kila mmoja na kikapu chake, kwenda kuuza mjini. Katika treni hiyo alikuwapo askari mmoja, ambaye hatutamtaja kwa heshima ya wanawe. Alipita behewa zima na mfuko wake, na kila kikapu kilimtolea kitu: fungu la sahani, mapera, uyoga wakati wa mvua. Aliyekataa aliambiwa kikapu chake kimeziba njia, kikatupwa nje kwenye kituo kinachofuata. Kilichomuuma Mama Asrita zaidi hakikuwa ulafi wa yule bwana. Kilimuuma kwamba akina mama walitenga fungu la Afande nyumbani kwao, pale pale walipotenga kiganja cha Bwana, na wakaliona jambo la kawaida. Yeye mwenyewe alilitenga kwa miaka mingi.

Mwezi Mei 1981 upepo uliezua paa la kanisa letu. Usharika ukaamua mchele wote wa viganja ukauzwe mjini, yanunuliwe mabati kabla ya mvua, na gunia akakabidhiwa Mama Asrita. Askari alipofika kwake alitabasamu.

"Leo umebeba nini, mama? Mzigo mkubwa hivyo!"

"Mchele, Afande."

"Hee, na kwangu mchele umeisha." Akapenyeza mkono guniani.

"Toa mkono, Afande. Huo si wangu."

"Wa nani?"

"Wa Mungu."

"Basi hakuna neno. Mungu ana mchele mwingi."

"Hana mwingi. Hana hata paa."

Abiria walicheka, na hicho ndicho askari asichokipenda. Kwenye kituo kilichofuata alilisukuma gunia nje ya mlango. Mama Asrita akaruka nyuma yake. Gunia lilipasuka kwenye kokoto, treni ikaondoka, na yeye akapiga magoti kuchambua mchele na mawe mpaka jua likageuka. Karibu nusu ilipotea. Hakuna mama hata mmoja aliyeshuka kumsaidia. Alilisema hilo mpaka uzeeni, bila kinyongo, ila alilisema.

Jumapili iliyofuata wazee wa kanisa walimshauri. Mzee mmoja alimwambia, "Mpe kibaba chake yaishe, Asrita. Mvua haitungoji."

"Nikimpa, mzee wangu, paa litakuwa la Mungu na la Afande. Likivuja, utamdai yupi?"

Jumatatu alipanda tena na mchele uliobaki. Wenzake walimkwepa kwa macho, wakijua kwamba gunia lile likitupwa mara ya pili kanisa litapokea mvua likiwa wazi. Askari alianza mlangoni, akachukua fungu la sahani kwa Phulo Kispotta. Hapo Mama Asrita akasimama juu ya benchi, na kwa sauti ile ile ya Jumapili akasema:

"Dada Phulo Kispotta ametoa fungu moja la sahani, kwa ajili ya Afande!"

Sasa, huko mwisho wa behewa alikuwapo Bibi Salomi, ambaye alikuwa hasafiri ila kwa kusinzia. Aliposikia ile sauti alidhani yuko kanisani, na bila kufumbua macho akaitikia kwa nguvu zake zote, "Yesu msaada!"

Wanaomkumbuka Bibi Salomi wanajua kwamba aliona haya kwa kosa hilo mpaka kufa kwake. Ingefaa tumshukuru. Maana behewa lilipasuka kwa kicheko, na askari, kwa kutaka kuonyesha kwamba hajali, akatia mkono katika kikapu cha pili.

"Mama Nemhanti ametoa mapera manne, kwa ajili ya Afande!"

"Yesu msaada!" Sasa waliitikia wengi. Waliitikia hata makarani na wanafunzi waliokuwa wakienda zao mjini, ambao wala hawakuwa watu wa Yesu.

"Nyamaza, wewe mwanamke!"

"Mbona unaona haya, Afande? Kwetu anayetoa hutangazwa, tena mbele ya anayepokea. Wewe umepokea miaka yote hii na hatujawahi kukutangazia. Tumekukosea sana."

Askari alilirudisha fungu la Phulo kikapuni, na mapera, moja moja. Gunia hakuligusa. Lakini walipofika mjini alimkamata Mama Asrita mkono, akampeleka ofisini kwao kwa kosa la kuleta fujo. Mama alisema kwamba kwenye ngazi zile alisita, kwa kuwa alijua ameacha mtoto wa kunyonya nyumbani. Kisha akageuka nyuma. Safari hii akina mama walikuwa wameshuka wote. Walimfuata na vikapu vyao kichwani, wakaketi mlangoni pa ofisi, na Phulo, ambaye hakuwahi kusema mbele za watu, akaanza kutangaza kila kitu alichotoa tangu aolewe. Mkubwa wa ofisi alisikiliza kwa muda, akamtazama askari wake, akasema, "Mama, nenda zako. Na hawa wote nenda nao, tafadhali."

Walikuja askari wengine baada ya huyo, na baadhi walijaribu. Akina mama walikuwa wamekwisha kujifunza kutangaza. Mchele ule ulitosha mabati ya upande wa kulia tu. Mlioketi kushoto leo, mnakaa chini ya mabati ya mwaka 1982. Masika yale ya kwanza Mama Asrita alikaa kushoto kila Jumapili, na mwavuli, na hakukubali kuhamishwa.

Alianza kuugua figo mwaka 2022. Oktoba mwaka jana familia ilimpeleka kwa treni kwenye hospitali kubwa ya mbali. Kitanda cha behewani kilichoandikwa jina lake kilikutwa na mtu mwingine, na mkaguzi wa tiketi akasema kipo kingine, ila waelewane kwanza. Mwanawe mkubwa, Anmol, mkimya kama baba yake, akatia mkono mfukoni.

"Toa mkono, Anmol," alisema Mama. Alitaka kusimama, akashindwa. Alitaka kutangaza, na sauti, ile sauti, haikutoka. Anmol alimtazama, akapiga moyo konde, akasimama yeye. "Mama yangu mgonjwa," alisema, "anaombwa sadaka kwa ajili ya bwana mkaguzi!" Hapakuwa na mtu wa kwetu mle ndani wa kuitikia. Aliitikia Mama peke yake, kwa kunong'ona. Watu wakaanza kuuliza kuna nini, na mkaguzi akamwamsha aliyelala kwenye kitanda cha mgonjwa. Anmol anasema ndiyo siku aliyomwona mama yake amefurahi kuliko zote.

Madaktari walimrudisha nyumbani. Alifariki asubuhi ya tarehe 3 Novemba 2023, kitandani kwake, akiwa na miaka sabini na mitano. Ameacha mdogo wake, Bwana Junas Minj; watoto watatu, Anmol, Jasinta na Prakash; wakwe, wajukuu tisa, na Mama Phulo Kispotta, aliyelala sakafuni kando yake siku zote za ugonjwa.

Kwa miaka hamsini na zaidi alitutangaza sisi. Leo familia inamtangaza yeye: Mama Asrita Lakra wa Hesalpiri ametoa maisha yake yote, na tangu siku ile ya treni hakumtengea mtu fungu la pembeni. Bwana ampe raha, na paa lisilovuja. Wa nyuma, msisinzie. Itikieni.