Vidole Viwili Nje ya Mstari

Ndugu, jamaa, majirani na marafiki, poleni kwa kusimama juani. Kazi ya kusoma historia hii amepewa mdogo wake marehemu, yule wa mwisho kuzaliwa, si kwa sababu ana sauti nzuri, bali kwa sababu marehemu mwenyewe aliagiza hivyo, na agizo la mgonjwa halibishiwi. Msomaji amechoka, nyumba nzima imechoka, kwa hiyo akikwama mahali mumvumilie.

Marehemu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Fundi Gundi kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kutakata gundi tangu ujana, alizaliwa tarehe 9 Juni 1955, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kituo cha mafuta, baba yake akiwa mlinzi wa ghala na mama yake akifua nguo za watu. Alianza darasa la kwanza Januari 1963 katika shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza Novemba 1969 akiwa wa nne kati ya watoto arobaini na mmoja, ila hakuendelea, kwani mwaka huo baba alivunjika nyonga na nyumba ikahitaji mikono kuliko vyeti. Machi 1971 mjomba wake, mshona viatu, alimchukua akamfundisha kukata ngozi, kutoboa matundu na kushona kwa sindano mbili.

Tarehe 2 Februari 1976 aliajiriwa katika karakana ya mikanda na mikoba, akapewa meza ya tatu kutoka dirishani, na kwenye meza hiyohiyo alikaa miaka thelathini na tisa, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2015. Wenzake wa kazi mliopo hapa mnamkumbuka, mtu wa sauti ndogo na utani mwingi, mteja mwenye kitambi akija kupimwa mkanda alimuuliza, "Bosi, nipime tumbo la leo au la Desemba?"

Tarehe 17 Desemba 1983 alifunga ndoa na karani wa duka la dawa, mwanamke wa saa na kipimo, ambaye akisema vijiko viwili hamaanishi viwili na nusu, na ndoa hiyo ilijaliwa watoto watatu, wa kiume mwaka 1985, wa kiume tena mwaka 1988, na binti tarehe 22 Agosti 1991. Binti huyo ndiye fundi umeme, aliyesimama pale karibu na mama yake, na wengi wenu mnamwita Mbishi. Historia hii itakawia kidogo kwake.

Katikati ya mwaka 2003 binti alishonewa sare mpya, pindo likapanda upande wa kushoto, mama yake akairudisha kwa fundi cherehani mara mbili na kumwambia ana makengeza, na mara ya tatu fundi akamjibu kwa upole, "Mama, gauni limenyooka, kampime mtoto." Tarehe 11 Novemba mwaka huo, katika chumba namba sita cha hospitali, daktari aliinua picha ya eksirei kwenye mwanga, akaweka rula, akasema uti wa mgongo umepinda kwa upande nyuzi ishirini na saba, kwamba kosa si la mkoba wa shule wala la kukaa vibaya, na kwa kuwa mtoto bado anakua, kazi iliyopo ni kuuzuia usiendelee, kwa kuvaa kizibao cha plastiki ngumu saa ishirini kwa siku na kufanya mazoezi kila siku bila kuruka. Shangazi mmoja alisema samaki mkunje angali mbichi, watu wakacheka, maana hapa samaki alikuwa anakunjuliwa.

Kizibao kililetwa tarehe 19 Januari 2004, mtoto akakipa jina la "gamba", na fundi wa vifaa tiba akachora mstari wa kalamu kwenye kila mkanda wa kufungia, mikanda mitatu, akasema mkanda ukivutwa lazima ufike hapa, usipofika, mtoto amevaa pambo. Kila asubuhi kabla ya kwenda dukani mama aliivuta hadi kwenye mstari, akavua miwani, akakagua, akavaa miwani, akakagua tena.

Mtoto aliteseka, tusidanganyane. Ngozi ilichubuka chini ya mbavu, chakula hakumaliza nusu sahani, jasho lilimtiririka tangu saa tatu asubuhi, na shuleni wenzake walimgonga mgongoni wakisema "Hodi!" kama wanaogonga mlango. Mwezi Mei, siku ambayo mama alikuwa kazini, alimwendea baba yake akamwambia, "Baba, si wewe ndiye fundi wa mikanda? Nilegezee kidogo tu." Na marehemu, ambaye hakuwahi kukosea kipimo cha mteja, alichukua kitambaa chenye spiriti, akafuta ile mistari mitatu, akachora mingine, vidole viwili nje ya pale ilipokuwa. Tangu siku hiyo mkewe alivuta kwa bidii ileile, akakagua kwa miwani na bila miwani, mistari ikimdanganya, na kila ilipobaki siku mbili kwenda kliniki marehemu aliirudisha mahali pake.

Tarehe 2 Machi 2005 picha mpya ilionyesha nyuzi thelathini na nane. Daktari aliuliza kizibao kinavaliwa kweli, mama akaapa, daktari akamgeukia mtoto akamuuliza kama huwa anakivua shuleni, mtoto akamtazama baba yake, na baba akatazama kalenda iliyokuwa ukutani. Mtoto akasema, "Ndiyo, huwa nakivua." Alikuwa na miaka kumi na mitatu.

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, na uchungu wa mama ulitoka kwa sura ya hasira, akawaambia mashangazi, akawaambia walimu, akawaambia majirani, kwamba mtoto huyu ameharibu mgongo wake kwa ubishi na uongo. Jina la Mbishi lilizaliwa hapo, na kwa miaka mingi kitu kikipotea nyumbani aliulizwa yeye kwanza. Marehemu alikuwa sebuleni mara nyingi jina hilo likitajwa, na alinyamaza.

Alichofanya ni hiki. Aliirudisha mistari asiiguse tena, kizibao kikubwa zaidi kikatengenezwa, na kila siku saa kumi na moja na nusu jioni, akitoka karakana bila kupitia popote, alitandika mkeka kati ya kitanda na kabati akalala pamoja na binti yake, kila mmoja kwa ubavu, taulo limekunjwa chini ya mbavu, mkono juu, wakivuta pumzi kuipeleka upande uliobonyea kama mtaalamu wa mazoezi alivyowafundisha. Mtu wa miaka hamsini, magoti yakilia, akihesabu kwa sauti, mara nyingine akipitiwa na usingizi hapohapo na mtoto kumalizia hesabu. Walifanya hivyo miaka mitatu na miezi minne. Tarehe 14 Julai 2008, binti alipokuwa ameacha kurefuka, picha ilisoma thelathini na tisa, mgongo haukunyooka na hakuna aliyeahidi utanyooka, lakini ulikuwa umesimama, upasuaji ukaepukwa, na mama akawaambia watu, "Bila mume wangu, ubishi wa mtoto huyu ungemfikisha kwenye kisu." Sifa hiyo marehemu aliipokea, na alimwambia msomaji kwamba katika yote hiyo ndiyo ilimkereketa zaidi.

Ugonjwa wa moyo uligunduliwa Agosti 2021, miguu ikawa inavimba, akalalia mito mitatu, na tarehe 3 Februari mwaka huu, 2025, alilazwa wodi ya wanaume, kitanda cha tisa. Tarehe 27 Februari, saa ya kuona wagonjwa, alimwambia mdogo wake achukue kalamu. "Tulipewa mstari, mimi nikausogeza, mtoto akabeba lawama. Andika hivyo hivyo, mdogo wangu, usilainishe. Ukweli huu nilipaswa kuusema kwa mdomo wangu na nimeogopa, sasa nausema nikiwa sipo wa kuulizwa, huo nao ni uoga, uandike." Alifariki Jumapili tarehe 16 Machi, saa nne na dakika arobaini asubuhi, akiwa na umri wa miaka sitini na tisa.

Juzi Jumanne familia ilikaa sebuleni kupitia maandishi haya, na kifungua mimba wa marehemu akasema mambo ya namna hii hayasomwi makaburini, na binti mwenyewe akasema, "Baba mdogo, futa. Niliyeomba kulegezewa ni mimi." Mjane alikuwa anakunja mashati ya marehemu, akaendelea kukunja hadi la mwisho, kisha akamuuliza binti, "Ulijua siku zote?"

"Nilijua, mama."

"Miaka ishirini nakuita mwongo, umenyamaza tu?"

"Niliogopa mngeachana."

Mama aliyabeba mashati akayapanga kabatini. Halafu alisema, "Isome yote, shemeji. Mimi nilimsema mtoto mbele za watu, basi na asafishwe mbele za watu."

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya wanaume, hasa muuguzi wa zamu ya asubuhi aliyemnyoa ndevu marehemu siku mbili kabla ya mwisho, inawashukuru majirani waliopika na kulala nasi, wenzake wa karakana waliobeba jeneza, na yule mtaalamu wa mazoezi, sasa ni bibi mstaafu, aliyesafiri tangu alfajiri kuwa nasi. Kama kuna mtu tumemsahau, ni uchovu, si dharau.

Marehemu ameacha mjane, watoto watatu na wajukuu wanne. Binti yake anasema alimsamehe zamani, pale pale mkekani. Mjane ameagiza isemwe kwamba alimpenda mumewe miaka arobaini na mmoja, na kwamba kumsamehe bado hajamsamehe, ameomba asiharakishwe. Pumzika kwa amani, kaka. Mkeo akiwa tayari atakuja hapa mwenyewe kukwambia, na hakuna hata mmoja wetu atakayemsukuma.