Raundi Tatu za Nailoni

Bwana asifiwe, ndugu zangu, pamoja na nyinyi mliokaa karibu na mlango mkiangalia mawingu. Nitajaribu kumaliza kabla ya mvua. Maneno yangu nimeyaandika kwa daftari hili, na si kwamba nimesoma sana. Ni kwamba nikisimama mbele ya watu bila kitu cha kushika, mikono yangu haijui pa kwenda. Mama yangu yuko pale upande wa akina mama na ameshaanza kucheka. Mama, ngoja kwanza, bado sijafika pa kucheka.

Wengi wenu mnanijua kama mtu wa nyumbani. Wale niliosoma nao walikimbilia Nakuru na Nairobi. Mimi nilimaliza kidato cha nne na alama ambazo hakuna chuo kilichoziulizia, nikasafiri mpaka zizi la ng'ombe, nikakaa hapo. Mama alikuwa akiwaambia wageni, "Huyu ni wangu wa mwisho, na naona pia ni wa kudumu."

Kwa hivyo niliposikia shamba kubwa la majani chai ng'ambo ya mto linatafuta vijana wa kufanya kazi ya miti, nilikubali kwa sababu moja tu: ukisimama kule, unaona paa la nyumba yetu.

Kikosi chetu kilikuwa cha watu kumi. Wachumaji walitucheka wakituita madaktari wa miti. Hatukukata kuni za kiwanda. Tulipewa ile miti ambayo huwezi kuiangusha kutoka chini: mikaratusi iliyonyoosha matawi juu ya nyumba za wafanyakazi, na mikima iliyooza katikati ikiegemea waya za stima. Mti wa namna hiyo unapandwa mpaka juu, unakatwa kipande baada ya kipande, na kila kipande kinashushwa kwa kamba kama mtoto anayelazwa.

Sasa nawaambia siri ya kwanza. Mimi naogopa juu. Hata kwenye dari la kuwekea mahindi nyumbani, mama ndiye alikuwa anapanda. Nilipofika kikosini nilisema kifundo cha mguu kinanisumbua, nikapewa kazi za chini: kuvuta matawi, kunoa misumeno, kuchunga kamba. Kifundo hicho kiliuma miezi mitatu mfululizo, na saa nyingine nilisahau ni cha mguu gani.

Mkubwa wa kikosi alikuwa mzee mmoja kutoka upande wa ziwa, aliyefanya kazi ya kamba bandarini Kisumu kabla hajaja huku kwetu kwenye baridi. Ndiye aliyenifundisha kusuka kitanzi cha mwisho wa kamba, kile ambacho mpandaji anakifunga kiunoni kwa kulabu ya chuma. Hakipigwi fundo. Unafumua ncha, unapata nyuzi tatu nene. Unaikunja kamba, kisha kila uzi unaupenyeza chini ya uzi mmoja wa mwili wa kamba, unaruka mmoja, unapenyeza tena. Nyuzi zote tatu zikishapita mara moja, hiyo ni raundi moja.

"Raundi ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza.

"Tatu, mzee." Nilijibu haraka kwa sababu nyumbani nilikuwa nimesuka kamba za kufungia ng'ombe tangu nikiwa mdogo.

"Hiyo ni katani, omera, ndugu yangu. Katani inauma, ikishikana imeshikana. Hii ni nailoni, inateleza kama samaki. Hii ni tano. Hata ukichoka, tano. Hata mvua ikikunyeshea, tano. Umesikia?"

Nilisikia. Tena alikuwa na sheria nyingine: aliyesuka kitanzi ndiye wa kwanza kukipima. Kamba inarushwa juu ya tawi la chini, unajifunga, unainua miguu, unaning'inia mbele ya wenzako wakinywa chai. Hapo ndipo kamba inapewa mtu mwingine. Kuning'inia futi tatu kutoka ardhini kulinitoa jasho, lakini nilikuwa nafanya.

Jumamosi moja mzee alikuwa amelazwa hospitali ya Kapkatet na kifua chake. Naibu wake alinipa kamba mpya ya nailoni nisuke kitanzi. Kazi ilikuwa inaisha saa sita. Mnajua mvua yetu, saa nane haikosi. Vidole vilikuwa vimechubuka, nailoni mpya ni ngumu, na wingu lilikuwa limeshakaa juu, upande wa Boito, likinitazama. Nikasuka raundi ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nikaangalia paa la nyumbani. Nikachoma ncha kwa kiberiti, nikazungushia utepe mweusi wa fundi stima, mzuri, umebana. Ndugu zangu, kitanzi kile kilipendeza kuliko vyote nilivyowahi kusuka. Raundi mbili zilizokosekana zilikuwa chini ya utepe, na aliyejua ni mimi na Mungu.

Naibu alipita akiwa ameshavaa koti.

"Umepima?"

"Ndiyo."

Neno moja tu. Halikunichukua hata pumzi. Nikavuka mto nikifurahi.

Furaha ile iliisha nikiwa bado sijavua gambuti. Nilianza kujiambia raundi tatu zinatosha, ng'ombe wetu ana kilo nyingi kuliko mtu na hajawahi kukata kamba. Kisha nikakumbuka ng'ombe wetu hapandi miti. Jumapili nilikaa hapa hapa kanisani na sikusikia hata neno moja la mahubiri. Vidole vyangu vilikuwa vinasuka hewa. Mama aliniwekea chakula, nikakitazama.

"Kijana, unaumwa?"

"Hapana."

"Umefukuzwa kazi?"

"Hapana, mama."

"Basi ni msichana," akasema, akaenda kwa jirani kutangaza habari njema.

Niliamua Jumatatu nifike mapema, nifumue kile kitanzi, nimalize raundi zangu kabla ya mtu kujua. Saa kumi na mbili kasoro nilikuwa kwenye mlango wa stoo. Stoo ilikuwa wazi. Trakta ilikuwa imeshawashwa, na kamba mpya ilikuwa begani mwa mwenzangu, mpandaji wetu hodari, kijana aliyeoa miezi michache kabla ya hapo. Jina lake sitataja. Alikuwa anaipapasa.

"Wewe fundi, leo umenishonea suti!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka. Nikasema moyoni, nitamwambia tukifika. Tulipofika, nikasema nitamwambia baada ya kushusha vifaa. Tukashusha. Nikasema nitamwambia peke yake, akienda kando, lakini siku hiyo hakwenda kando. Mnaona vile mtu anavyojipa nafasi? Kila nafasi niliyojipa ilimpandisha yeye hatua moja juu.

Mti wenyewe ulikuwa mkaratusi mzee, tawi lake likiwa juu ya mabati ya nyumba mbili. Alipanda kwa viatu vya miiba huku amejifunga kwenye shina kwa mkanda mfupi. Kamba ndefu, yenye kitanzi changu, ilikuwa kiunoni pia, lakini ikilegea. Mkanda ndio uliombeba. Mimi nilijua, na kila mtu wa kazi hii anajua, kwamba akifika juu ataipitisha kamba kwenye panda ya mti, atafungua mkanda, atatoka kwenye shina na kutembea juu ya lile tawi. Kuanzia hapo hakuna mkanda. Ni kamba peke yake. Ni raundi tatu.

Alifika mita kama kumi na tano. Akaipitisha kamba kwenye panda.

Pale kazini palikuwa na debe limetundikwa karibu na vifaa. Likipigwa, kila kitu kinasimama, hata injini ya msumeno, na aliyelipiga anatoka mbele kueleza sababu. Ukilipiga bure, unachotea kikosi maji wiki nzima. Nililitazama lile debe kama mtu anayetazama mbwa asiyemjua. Nilifikiria watu saba watanitazama. Nilifikiria ile "ndiyo" yangu. Nilimfikiria mama akiambiwa nimefukuzwa. Aibu, ndugu zangu, ina mikono. Ilinishika hapa shingoni. Halafu juu kule nikaona mkono wa mwenzangu ukishuka kiunoni, kwenye kifungo cha mkanda.

Sikumbuki kutembea. Nakumbuka debe likilia na mimi nikiendelea kulipiga hata baada ya injini kuzimwa, mpaka naibu akanishika mkono.

"Nini? Sema!"

"Kitanzi. Ni raundi tatu."

"Si ulisema umepima?"

"Nilidanganya."

Hakunipiga, hata hakunitazama. Aliinua uso juu, na sauti yake ikawa ya upole mpaka ikaniogopesha zaidi.

"Ndugu, usifungue mkanda. Umenisikia? Mkanda, usifungue."

Kisha ikashuka sauti: "Nimeshafungua!"

"Sawa. Kumbatia shina. Kamba usiiegemee hata kidogo. Jifanye haipo."

Nawaambia, mimi nimewahi kungoja matokeo ya mtihani, na nimewahi kungoja ng'ombe azae ndama aliyekaa vibaya. Sijawahi kungoja kama vile. Mkanda ulikuwa unaning'inia upande mmoja wa shina. Ilibidi auzungushe nyuma kwa mkono mmoja na kuudaka kwa mkono huo huo, huku wa pili umekumbatia gome linalobambuka kama karatasi. Mara ya kwanza ulimponyoka. Mguu mmoja ukateleza, vipande vya gome vikatuangukia usoni. Mwanamke mmoja wa zile nyumba alipiga yowe, akazibwa mdomo na mwenzake. Mara ya pili akaudaka. Kifungo hatukukisikia, kilikuwa mbali. Tuliona tu mabega yake yakishuka.

Alikuja chini polepole sana, hatua kwa hatua. Alipogusa ardhi alikaa chini, akavua kofia, akaishika.

Naibu aliifunga ile kulabu kwenye kisiki, akawapa watu sita upande wa pili wa kamba. "Vuteni." Walivuta mara moja. Utepe mweusi ulikunjamana, halafu zile nyuzi zikatoka moja baada ya nyingine, taratibu, kama minyoo inavyotoka ardhini, na watu sita wakaanguka matakoni kwenye tope. Mmoja alianza kucheka. Akaangalia juu ya mti, akaacha.

Mwenzangu ndiye aliyeniuliza.

"Jumamosi ulikuwa unakimbilia wapi?"

"Nyumbani."

"Nyumbani kulikuwa na nini?"

Nilitafuta jibu kubwa, hata la uongo, ugonjwa au mgeni. Sikupata. "Mursik," nikasema. Maziwa yetu ya mgando ya kibuyuni, basi.

Alitingisha kichwa. "Kumbe mimi ni kibuyu kimoja."

Hapo mama ameacha kucheka. Mama, hii sehemu sikuwahi kukuambia.

Sikufukuzwa. Mzee alirudi kutoka hospitali Alhamisi, amekonda, akasikiliza yote bila kukatiza. Niliona ni heri nimalize mzigo wote, nikamwambia na habari ya kifundo cha mguu.

"Hiyo nilijua," akasema. "Ulikuwa unachechemea kushoto leo na kulia kesho. Lakini kuogopa si kosa. Kosa lako ni kwamba uliogopa watu kuliko ulivyoogopa mti."

Akaniletea rundo la kamba zilizochakaa. Kila siku nilisuka kitanzi kimoja, raundi tano, bila utepe, ili kila jicho lione. Saa ya chai nilijifunga na kuning'inia, kwanza futi tatu, kisha sita, kisha juu ya paa la trakta. Wiki nzima hakuna aliyenitania. Siku walipoanza kunitania tena, "Huyo anakausha mursik yake juu," nililia huku nimening'inia, na machozi yakaingia masikioni kwa sababu nilikuwa nimepinduka.

Ilichukua mpaka msimu mwingine wa mvua. Asubuhi moja kwenye ukungu naibu alikuwa anagawa kamba, na mwenzangu akasukuma kando ile aliyopewa.

"Nipe aliyosuka huyu."

Alikaa juu ya gurudumu, akakishika kitanzi changu, akahesabu kwa ncha ya kidole, kwa sauti: moja, mbili, tatu. Hapo kwa tatu alisimama kidogo, akanitazama. Nne. Tano. Akajifunga, akapanda, na mimi nilisimama chini nikishika upande wa pili wa kamba hadi aliposhuka.

Ndugu zangu, bado anahesabu. Miaka imepita, mimi pia sasa napanda, ingawa si sana, na bado akipewa kamba niliyosuka mimi anahesabu mbele yangu. Sikasiriki. Ningekuwa yeye, ningehesabu mara mbili.

Namshukuru mzee wetu, ambaye amestaafu na kurudi kwao ziwani. Namshukuru naibu kwa ile sauti ya upole. Namshukuru mwenzangu, yuko humu ndani, lakini msigeuze shingo, hapendi. Mama nakushukuru, na samahani kwa ile habari ya msichana.

Na ikiwa kuna mtu humu ana jambo amelifunika vizuri, limebana, linapendeza, mimi sitamuuliza ni nini. Namwomba tu alitoe leo. Mimi niliongea mkanda ukiwa umeshafunguliwa, na aliyeniokoa na kosa langu ni mtu mwenye mkono wenye nguvu aliyedaka mara ya pili. Sikustahili hiyo mara ya pili. Nilipewa.

Asanteni kwa kunisikiliza.